Bado kidogo

Nimejaribu kulala nimeshindwa, bora niandike. Ni saa nane ya usiku, Saidi kalala, Baba Saidi yuko shifti ya bekari, na mimi nipo jikoni na kikombe cha chai ambacho kishapoa. Tangu Jumatano kuna sentensi moja imenikaa kooni kama mwiba wa samaki, hainizuii kula wala kufanya kazi, lakini kila nikimeza naisikia.

Ni habari ya ule usiku wa Januari, mimi muuguzi huku Uingereza, niliotolewa wodini nikashushwa kaswalti, yaani idara ya dharura, kusaidia wagonjwa wanaongojea vitanda korido. Sitaurudia wote. Ni ile korido ndefu ya kwendea eksirei, machela zimepangwa upande mmoja, na juu ya kila machela kuna karatasi iliyobandikwa ukutani kwa selotepu, K1, K2, mpaka K9, kana kwamba ukuta ukipewa namba unakuwa wodi. Mlango wa mwisho ni wa kufunguka wenyewe, akipita mtu upepo wa nje unaingia, na taa hazizimwi. K4 alikuwa bibi mmoja wa kifua, ana oksijeni, na mumewe kakaa kwenye kiti cha kukunja kashikilia kipochi cha mkewe magotini kwa mikono miwili. Usiku kucha hakukiweka chini.

Sasa Jumatano ulikuwa mkutano wa mwaka wa hospitali. Kwa mlio nyumbani ambao sijawahi kuwaeleza: hospitali za umma huku Uingereza zinaendeshwa na kitu kinaitwa trasti, na trasti kama yetu ina wanachama, watu wa kawaida tu wa mji huu, waliotibiwa, majirani, wafanyakazi, na hao wanachama wanachagua magavana. Si magavana wa kaunti kama wetu jamani, hawa ni wawakilishi wa kuihoji bodi. Basi mara moja kwa mwaka bodi inakaa mbele ya watu inasoma ripoti na mahesabu, mwaka ulikwendaje, pesa zimekwenda wapi, na huko mbele wanataka kufanya nini. Mimi nilienda kwa sababu Sista, mkuu wa wodi yetu, aliniomba, wodi yetu imewekwa picha kwenye ripoti kwa ile kazi ya kupunguza wazee wanaoanguka, na alitaka awepo mmoja wetu. Nilikuwa nimetoka usiku, nimelala masaa matatu.

Ukumbi wa mafunzo, projekta, biskuti kwenye sahani, viti vingi vitupu. Mkurugenzi mkuu akaeleza vizuri, sitamsema vibaya, ni mtu anayeshuka wodini na anajua majina yetu. Akasema foleni ya wanaongoja upasuaji na kliniki inapungua lakini pole pole. Lengo la nchi ni watu 92 katika kila 100 waanze matibabu ndani ya wiki 18, na nchi haijalifikia tangu 2016, serikali inataka lirudi ifikapo Machi 2029. Kisha ikaja slaidi ya kaswalti. Pale lengo la asili ni asilimia 95 wahudumiwe wakatoka au wakalazwa ndani ya masaa 4, na mara ya mwisho Uingereza yote kulifikia ilikuwa Julai 2015, Saidi alikuwa bado mtoto wa mgongoni. Lililoombwa kwa mwaka wa 2025/26 ni angalau 78. Sisi tuko chini yake. Alisema waziwazi, hakuzunguka.

Wakafungua maswali. Mzee mmoja wa safu ya mbele akasimama, kofia yake ya sufu mkononi, akauliza hivi tu: "Hayo masaa mnaanza kuyahesabu lini?"

Na hilo ndilo swali lenyewe, kwa sababu ile takwimu ya masaa 12 ya kungoja kitanda, ambayo ndiyo inayosomwa miaka yote, haianzii mgonjwa alipoingia mlangoni. Inaanzia pale daktari aliposema huyu alazwe. Mtu anaweza kuwa keshakaa masaa saba korido kabla saa yake haijaanza kusoma. Mkurugenzi akaeleza hivyo hivyo, akaongeza kwamba siku hizi inatolewa na hesabu nyingine inayoanzia mlangoni. Mzee akatikisa kichwa akakaa, akaiweka kofia magotini akaishika kwa mikono miwili, na hapo ndipo nikamjua. Ile mikono. Ni mume wa K4.

Wakati wa chai akaja moja kwa moja hadi nilipo. Nitaandika neno kwa neno, maana nimeshayarudia mazungumzo haya mpaka nayajua kama sura ya Kuruani.

"Ni wewe uliyeniambia bado kidogo."

"Ndio. Ni mimi."

"Mara tatu."

"Mama hajambo?"

"Yuko nyumbani. Ameniapisha, yakimpata tena nisipige simu."

Kisha yule dada wa picha akanishika mkono, njoo tupige ya wodi, nikageuka, nikasimama, nikacheka kwa kamera, na nilipogeuka tena mzee keshaondoka. Nilitoka mpaka stendi ya basi, sikumuona.

Hakuwa na hasira, hilo ndilo linalonisumbua. Angenigombeza ningejua pa kuweka mikono. Alisema "mara tatu" kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji, akaziona zimetimia. Sijui alikuwa ananilaumu au ananikumbusha au alifurahi tu kuona sura anayoijua mle ndani. Nimemuuliza Baba Saidi akasema huyo mzee amekushukuru. Nimemuuliza Zuhura, muuguzi mwenzangu, akasema amekulaumu na ana haki. Nikimrudia kichwani leo ananishukuru, kesho ananilaumu.

Na mimi nazikumbuka zote tatu. Ya kwanza kama saa tatu usiku, na ilikuwa kweli, mtu wa kugawa vitanda alikuwa ameniambia kuna kitanda kinasafishwa juu. Ya pili saa sita na kitu, kile kitanda kilikuwa kimekwenda kwa mgonjwa aliyezidiwa, ila nilisikia kuna mtu atatolewa wodi ya pili, kwa hivyo nilikuwa na nusu ya ukweli. Ya tatu karibu na alfajiri sikuwa na chochote mkononi. Hakuna aliyeniambia kitu. Nilisema kwa sababu aliinua macho akaniangalia na mimi sikuweza kupita bila kumpa neno. Nilipotoka shifti asubuhi bado walikuwa pale, na sikupita kuwaaga, nilipitia mlango wa pili.

Nimeikuta wapi hii bado kidogo? Nimekua nayo. Mamangu akiwa na mbaazi jikoni na sisi tunalia njaa, bado kidogo. Makanga wa Kisauni, kwetu Mombasa, anakwambia bado mmoja twende na wewe unaviona viti vinne vitupu. Kwetu ni neno la kumshika mtu mkono, hakuna anayeangalia saa. Mimi nikalichukua nikalisema kwa Kizungu, na kwa Kizungu limekuwa ahadi, na yule mzee alikuwa na saa ya mkononi na aliitazama kila nilipoondoka. Kwenye slaidi yapo masaa manne na masaa kumi na mbili. Nilichomwambia mimi hakimo, na kwake hicho ndicho kilichobaki.

Sasa mwanamke ana kifua na ameapa harudi. Hivyo ndivyo nilivyokwenda nayo Alhamisi nzima, na Alhamisi hiyo hiyo barua ya wakaguzi ilifika kwamba wanakuja, Saidi alikuwa na wiki yake ya kwanza ya sekondari, na dada wawili wa wodi yetu wamejaza fomu za Australia kwa ajili ya haya mazungumzo ya serikali ya kurefusha muda wa kungoja ukaazi wa kudumu kutoka miaka 5 hadi 10, na yote hayo niliyasikia kwa mbali kama redio ya jirani.

Ijumaa ndiyo Zuhura akanitoa. Mnajua Zuhura amehama wodi ya watoto yuko na ile timu ya wodi ya nyumbani, na mimi nikiri hapa, nilipomsikia mwaka jana nilidhani ni maneno ya kwenye mabango. Mpango mkubwa wa miaka 10 wa serikali uliotoka Julai 2025 una mambo matatu, huduma zitoke hospitalini ziende mitaani, makaratasi yaende dijitali, na tukinge watu kabla ya kutibu, na bodi yetu Jumatano iliyasoma yote matatu na mimi nikiwaza picha tu. Zuhura akaniambia njoo nikuonyeshe. Tumekaa kwenye gari lake chakula cha mchana, akanionyesha begi. Kile kidude cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, mashine ya presha, kishikwambi ambacho mgonjwa anajaza mwenyewe au mwanawe anamjazia, asubuhi na jioni zile namba zinaonekana kwa muuguzi ofisini, zikishuka anapigiwa simu, na ikibidi muuguzi anaenda mpaka mlangoni na dawa ya mshipa. Daktari wa hospitali anawapitia wote kila siku kama raundi, tofauti ni kwamba mgonjwa yuko kwenye kiti chake mwenyewe. Kuna babu alimtibia kifua wiki mbili na paka wake miguuni siku zote.

Nilisikia kitu kikifunguka kifuani, wallahi. Kwa sababu K4 ni mtu wa hivyo hasa. Hahitaji korido, anahitaji mtu wa kumwangalia namba zake na kumgongea mlango. Na inaanzia kwa daktari wao wa mtaa, si lazima apige ambulensi ambayo ameapa haipigi. Jawabu la yule mzee lilikuwa limeandikwa kwenye slaidi dakika ishirini kabla hajaja kuniambia, na mimi nikamuuliza mama hajambo.

Faili lake siwezi kulifungua, hayuko chini yangu, na mfumo unaandika nani kafungua na saa ngapi, na ni haki iwe hivyo. Kwa hivyo nimefanya ninaloweza. Mzee ni mwanachama, wanachama wana ofisi yao, nimewaandikia ofisi barua pepe niwaombe wampelekee ujumbe: yule muuguzi wa korido anasema aongee na daktari wa mtaa kuhusu wodi ya nyumbani, na nikaweka namba ya timu. Nimeiandika mara sita. Mara ya kwanza nilimaliza kwa kusema atasikia kutoka kwetu hivi karibuni nikaifuta. Nimeandika kwamba sijui itachukua muda gani. Na mstari mmoja wa mwisho, kwamba ile ya tatu sikuwa na habari yoyote na anisamehe akipenda. Sijui kama ofisi wataufikisha huo.

Zuhura ananiambia nigombee ugavana wa wafanyakazi, viti vipo na kura ni mwakani. Nimeshawishika sana. Nataka kuwa mtu anayeuliza maswali kama lile la mzee, lenye maneno matano tu. Nataka niwaulize wodi ya nyumbani ina wauguzi wangapi na wangapi wanawahitaji, kwa sababu begi halitembei peke yake, na dada zetu wawili wanaondoka. Ila mpango huo huo wa miaka 10 unasema trasti hazitalazimika tena kuwa na magavana, huenda nikachaguliwa kiti kikaondoka. Hilo limeniuma. Jumatano mle ukumbini walikuwa watu wachache, lakini mmoja wao aliisimamisha bodi kwa kofia mkononi, na mahali pa kusimamia panahitajika. Nitagombea hivyo hivyo.

Nilimpigia Bi Mkubwa jioni nimsimulie. Aliposikia ugavana akapiga kigelegele mpaka jirani akatoka, ikabidi nimweleze upya, na bado nadhani kesho Kisauni nzima itakuwa na habari. Halafu kati kati ya furaha akasema jambo akalipita haraka. Kwamba siku hizi chai haimnogei, amebadilisha majani mara mbili na ladha ni ile ile. Nikamuuliza maji. Akanyamaza kidogo, akasema ya kisima yamekuwa mazito, sabuni haitoi povu. Athumani wa pale nyumbani amechota ya asubuhi akayaonja, ni chumvi. Kile kisima alikichimba babu, hatujawahi kununua maji kwa mkokoteni maisha yetu. Athumani anasema ni kwa sababu mvua zimechelewa, yatarudi. Ila jirani wa nyuma amechimba cha mashine, kirefu, na pampu inavuta kutwa, na kile kisima chetu kiko hatua thelathini tu kutoka ukuta wake.