Jedwali nililolifuta saa 10 alfajiri

Naandika saa 5 asubuhi, macho yanawasha kama yametiwa mchanga. Usiku wa kuamkia leo nilikesha na ripoti ya kurasa 42. Kosa ni langu. Nilikuwa na wiki mbili nzima, nikazichezea.

Nilianza saa 3 usiku, na mpaka saa 7 kazi ilikuwa inateleza. Nyumba kimya, simu kimya, hakuna anayeniita. Nadhani hizi saa za mwanzo ndizo zinazotuponza sisi wakeshaji, maana zinatuaminisha kwamba usiku wote utakuwa hivyo.

Saa 8 na nusu nikajikuta nasoma mstari uleule mara ya tatu. Nikamimina kahawa, kikombe cha nne. Kahawa haileti nguvu mpya, hilo nalijua. Ubongo hulimbikiza kemikali iitwayo adenosini tangu tunapoamka, na kadiri inavyojaa ndivyo usingizi unavyotuelemea. Kafeini iliyomo kwenye kahawa inakwenda kukalia viti vya adenosini, basi. Adenosini yenyewe haiondoki, imesimama pembeni inasubiri. Na kwa watu wengi kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu tu, ndiyo maana nilipojitupa kitandani saa 12 asubuhi nilibaki nahesabu nyufa za dari.

Saa 10 hivi nilikuwa katikati ya sentensi kuhusu malipo ya robo ya pili, nikashtuka. Baada ya neno "malipo" kulikuwa na herufi k imejipanga mistari 11, kidole changu cha kati bado kimelalia kitufe. Sikumbuki kufumba macho. Ungeniuliza, ningekuapia kwamba nilikuwa macho. Nikacheka peke yangu, nikafuta, nikaendelea.

Lisilochekesha nililiona baadaye. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimefuta jedwali zima, nikiwa na hakika kwamba linarudia lililotangulia. Wapi! Yalifanana vichwa tu. Tarakimu zilikuwa za mwaka mwingine. Na pembeni nimejiandikia kwa furaha: "Safi sasa."

Hapo ndipo ninapogombana na ushauri wa kila siku wa nawa uso, tembea kidogo, washa taa zote. Nilifanya yote hayo. Maji ya baridi yananipa dakika 5, taa kali inasaidia zaidi kidogo. Lakini kukaa macho si kazi ngumu sana. Mtu anaweza kukaa macho huku akili ya kupima jema na baya imeshalala. Kati ya saa 10 na 11 alfajiri joto la mwili wa mtu aliyezoea kulala usiku hufika chini kabisa, na saa ya ndani ya mwili haijali una kazi ya nani.

Huwa nakumbuka kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, tarehe 28 Machi 1979. Saa 10 alfajiri hitilafu ilianza, vali moja ikakwama wazi, na wahudumu wa zamu wakapunguza maji ya dharura ya kupoza kinu wakidhani yamezidi, kumbe yanapungua. Vipimo vyao viliwapotosha, kwa hiyo siwezi kuusingizia usingizi. Ila sipendi kufikiria kusoma vipimo vya kupotosha saa ile.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Cha kufikiri kiishe kabla ya saa 8. Baada ya hapo ni kazi za mikono: kupanga vichwa, kukagua namba za kurasa, kuzipa faili majina. Kufuta ni marufuku mpaka kuche. Na kabla sijazidiwa, nanywa kahawa harakaharaka kisha nalala dakika 20, kengele iko mbali na kitanda. Kahawa inaanza kufanya kazi wakati naamka. Nikizidisha nikafika saa nzima, naamka zuzu, sijui hata chumba changu.

Jedwali nimelirudisha kutoka nakala ya saa 6 usiku, nikatuma ripoti upya na samahani ndefu. Jibu limeingia sasa hivi. Aliyeipokea anashukuru, halafu anauliza "kkkkkk" ya ukurasa wa 17 ni kifupisho cha nini.