Katiba kwa darasa la sita: anzeni na baiskeli

Walimu wenzangu wa Tanga, msianze na utangulizi wa Katiba ya 1977. Watoto wataukariri na hawataelewa kitu. Anzeni na baiskeli, mji wetu umejaa. Mtu kakunyang'anya yako: fungueni Ibara ya 24, haki ya kumiliki mali. Mwenzako kavunja dawati la shule: Ibara ya 27, kulinda mali ya umma. Makundi ya watano, kila kundi tukio moja na nakala ya Ibara ya 12 hadi 30 tu. Kipindi cha dakika 40 hakitoshi zaidi ya matukio matatu.

Panapoharibika ni elimu. Mtoto aliyesikia Ibara ya 11 ya haki ya elimu, ambayo haimo kwenye nakala hiyo, atasema, "Nikinyimwa shule naenda mahakamani." Ibara hiyo imo kwenye malengo ya taifa, na Ibara ya 7(2) inasema mahakama haiwezi kuyasimamia. Mwelekezeni kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009, ndiyo yenye meno. Vitabu vingi vya mazoezi hukwepa hapa, sijui kwa nini, maana ndipo darasa linapochangamka.

Kura (Ibara ya 5, miaka 18) dakika mbili zinatosha.