Daftari la Mashine ya Maji: Saa 140 Ukingoni mwa Sabaki

Mashine yangu ya maji ni ya petroli, ina injini ya mipigo minne yenye ujazo wa sentimita za ujazo 163, nami niliinunua ikiwa imekwisha kutumika ili kumwagilia mchicha na biringanya katika shamba dogo lililo ukingoni mwa mto Sabaki, kaskazini ya mji wa Malindi. Tangu siku hiyo ninahesabu saa ilizofanya kazi badala ya miezi, kwa kuwa wakati wa masika hulala majuma kadhaa bila kuguswa, na wakati wa kaskazi hunguruma saa nne kila siku. Saa ninazozitaja hapa, basi, ni za injini, si za ukutani.

Saa ya 0. Niliiwasha dakika chache ili oili ipate joto na kutoka pamoja na uchafu wake, kisha nikafungua bolti ya chini. Ilitoka nyeusi kama kahawa chungu. Nilijaza lita 0.6 ya oili ya uzito wa SAE 30, ambayo inalifaa joto letu la pwani, na kwa kuwa sikujua mashine ilikotoka niliihesabu kuwa injini mpya: oili nyingine saa ya 20, na baada ya hapo kila saa 100.

Saa ya 31. Injini ilipoteza nguvu na kutoa moshi mweusi. Nilikuwa nimeshika plagi mpya, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli, mkononi, mzee jirani akaniambia, "Mwanangu, hiyo haina njaa ya plagi, imezibwa kifua." Sifongo ya filta ya hewa ilikuwa imejaa vumbi. Niliifua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikaianika kivulini, nikaichovya katika oili safi na kuikamua. Kwa kawaida kazi hii hufanywa kila saa 50, lakini kwa vumbi la kwetu mimi nimeiweka kila saa 20.

Saa ya 58. Nilitambua kosa ambalo ni langu mwenyewe. Injini ndogo za namna hii hazina pampu ya oili; kijiko kilicho ndani huirusha oili huku na huku, kwa hiyo mashine ikiinama mno, kijiko kinapiga hewa tupu. Yangu ilikuwa imekaa juu ya mteremko wa ukingo kwa miezi miwili, na hata kipimo cha oili nilichokuwa nikikisoma kilikuwa cha uongo. Nimechimba jukwaa na kulisawazisha kwa mawe ya matumbawe.

Saa ya 84, baada ya masika. Mlio ulikuwa ukipanda na kushuka, kana kwamba injini inahema. Safari hii sikumsikiliza mtu, nikanunua plagi, nikaisawazisha nafasi ya kurukia cheche kati ya milimita 0.7 na 0.8, na hali ikabaki ile ile. Ugonjwa ulikuwa kwenye kabureta, inayochanganya petroli na hewa. Bolti ya kikombe chake ilikuwa imeshikwa na kutu ya hewa ya chumvi, hata ikanilazimu kuiloweka kwa mafuta ya taa tangu asubuhi hadi adhuhuri. Ndani nilikuta utando wa manjano wenye harufu ya vanishi, yaani petroli iliyokauka, na tundu la jeti ndogo, linalopitisha petroli, halikupitisha mwanga. Nililizibua kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa katika waya wa umeme, kwa sababu shaba ni laini na hailipanui tundu kama sindano ya chuma. Siku hizi, mashine ikienda kulala, ninafunga koki ya petroli na kuiacha injini izime yenyewe.

Saa ya 120. Oili ilibadilishwa, haikuwa nyeusi sana.

Saa ya 140. Injini inawaka kwa mvuto wa pili wa kamba. Vipande vyembamba vya kupimia nafasi ya valvu nimekwisha kuvinunua, ingawa kazi yenyewe ni ya saa ya 300, injini ikiwa baridi: milimita 0.15 upande wa kuingiza na 0.20 upande wa kutoa moshi. Kinachonikera ni upande wa maji. Tope lile lile linaloifanya bahari ya Malindi kuwa ya kahawia mto ufurikapo ndilo linalosaga sili ya pampu, ile inayozuia maji kuvuja, japo kila mara huijaza pampu maji kabla ya kuwasha ili sili isisagike kavu. Leo nimehesabu matone kumi na moja yanayovuja kwa dakika; juma lililopita yalikuwa saba. Sili mpya nimeiagiza Mombasa.