Milo miwili chini ya mretemu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu la juma hili ni 1 Wafalme 19, mstari wa 1 hadi wa 8. Lisomeni kabla hamjaendelea, na mkifika pale nabii Eliya anapolala, msipite haraka.

Mwezi Julai nilipanda Mlima Rungwe, kule Mbeya. Wengi wenu mnajua nilikotoka: miezi kumi na moja ya kumuuguza mzee wangu, kisha msiba, kisha zile siku ambazo wageni wameshaondoka na nyumbani vimebaki masufuria ya kuazima yanayosubiri kurudishwa. Nikaweka nadhiri. Nitaupanda Rungwe na miaka yangu 56, nitaupanda nimefunga, bila chakula wala maji, mpaka kileleni, nimshukuru Mungu huko. Binti zangu walitaka kunisindikiza, nikawakatalia. Kwa kuwa msitu ule ni hifadhi na mtu hapandi bila kiongozi, alikuwepo kijana mmoja mbele yangu tulipoianza njia kutokea upande wa Isongole, kabla jua halijachomoza.

Rungwe ni volkano iliyolala, urefu wake karibu mita 3,000. Mwenye miguu mizima hupanda na kushuka siku hiyo hiyo. Msitu wa chini ni mzito, ndimo anamoishi kipunji, yule kima ambaye wanasayansi walimtangaza kwa dunia mwaka 2005 ingawa wawindaji wa huko walikuwa wakimjua tangu zamani. Mimi sikuona mnyama wala ndege. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nahesabu hatua na kurudia Zaburi ya 121.

Tulipofika kwenye mianzi, ambako njia ni tope na mizizi na unajivuta kwa mikono, vidole vyangu vilianza kutetemeka. Jasho la baridi likanitoka. Juu kule oksijeni unayoivuta ni pungufu kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na pwani, na baridi ya Julai inakula akiba ya mwili hata ukiwa umekaa. Haya nilikuwa nayajua. Nilidhani nadhiri itayafuta.

Kijana akageuka. "Mama, umekula nini leo?"

"Nimefunga, mwanangu."

"Hata maji?"

"Hata maji."

Akanyamaza. Kisha akaketi juu ya mzizi, akalaza fimbo yake chini. "Basi mimi sipandi tena. Nikikushusha kwa machela, wanao nitawaambia nini?" Akafungua mfuko wake, akatoa viazi vilivyochemshwa na maganda yake, chumvi imefungwa kwenye karatasi, na chupa ya chai. Akanimiminia kwenye kifuniko. "Kula kwanza, mama. Bado ni mbali."

Nililia. Nililia kwa sababu niliona nadhiri yangu imevunjika mbele ya mtoto wa watu, na sikuwa na nguvu hata ya kubishana. Nikamenya kiazi nikala. Nikala cha pili. Akatandika koti lake juu ya majani, akaniambia nilale kidogo, nami nikalala.

Nilipoamka ndipo nikamkumbuka Eliya. Nimelisikia fungu hili tangu Shule ya Jumapili, na karibu kila mara mhubiri alikimbilia zile siku arobaini: tazameni, mtu wa Mungu alitembea siku arobaini usiku na mchana! Tunaziimba siku arobaini, tunairuka milo miwili iliyozitangulia. Eliya ametoka kuwashinda manabii wa Baali pale Mlima Karmeli, malkia Yezebeli ameapa kumwua, amekimbia mpaka Beer-sheba, amemwacha mtumishi wake huko, ameingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima, amekaa chini ya mretemu, kile kichaka cha jangwani, na kumwambia Mungu yatosha, anataka kufa. Malaika hakumkemea. Hakumwambia avumilie, wala hakumuuliza imani yake iko wapi. Alimgusa akamwambia ale. Kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaguswa mara ya pili. Sababu aliyopewa ni kwamba safari ile ilikuwa kubwa kuliko yeye. Malaika wa Bwana ndiye aliyelitamka hilo, na bado safari haikufutwa.

Tena pimeni safari yenyewe. Kutoka Beer-sheba mpaka mlima unaoonyeshwa leo kuwa ndio Sinai, yaani Horebu alikokuwa akienda, ni kama kilomita 300 kwa mstari ulionyooka. Zigawe kwa siku arobaini, hazifiki kilomita 8 kwa siku. Mama wa Kiwira mwenye ndizi kichwani anaweza kutembea zaidi ya hapo kwenda gulioni na kurudi. Hata ukiongeza kona za jangwani, huo ni mwendo wa mtu aliyechoka, anayekaa chini mara nyingi, na Mungu alimsubiri Horebu mpaka akafika.

Sisemi kufunga si kitu. Nafunga, na nitaendelea kufunga. Ninachoungama ni kwamba miezi ile kumi na moja nilikuwa nikila nimesimama jikoni, au sili kabisa, nikaiita hali ile uvumilivu. Nanyi mlinipenda, mlikuja mkaniombea, mkaniambia vumilia dada. Maombi yenu yalinishika. Lakini wapendwa, nakumbuka kwa jina kila aliyekuja na hotpoti.

Kileleni tulifika saa saba na nusu. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, Ziwa Nyasa hatukuliona. Sikupaza sauti kama nilivyokuwa nimepanga. Niliketi kwenye majani yenye umande, kijana akanipa kiazi cha mwisho, tukakigawana.

Mnajua kuna dada yetu mmoja ambaye ni wiki ya tano sasa analala chini ya kitanda cha mwanawe wodini. Jumanne nitamletea viazi vya maganda, chumvi na chupa ya chai, nami nitakaa na mtoto ili yeye apate kulala. Saa za kuona wagonjwa zinaanza saa kumi jioni. Atakayeweza kuja, tukutane getini. Jumatano bado haina mtu.