Barua ya Crockett kwa mpwa wangu

Mpwa wangu anasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni kisiwani Ukerewe, na kwa kuwa simu haziruhusiwi huko, barua zetu huvuka ziwa mikononi mwa yeyote tunayemfahamu anayepanda meli ya Nansio. Katika barua yake ya mwisho, baada ya shikamoo, aliniuliza kama watu mashuhuri nao hufuata muundo wa barua ya kirafiki anaokaririshwa darasani: anwani, tarehe, utangulizi, kiini, hitimisho.

Nilimjibu kwa habari za David Crockett, mwindaji wa Tennessee aliyezaliwa mwaka 1786. Kwa maelezo yake mwenyewe, alisoma siku nne tu, akapigana na mwenzake, kisha akawa mtoro kwa kuogopa fimbo ya mwalimu. Alipokaribia utu uzima ndipo alipoona aibu ya kutojua kusoma, akasoma kwa takriban miezi sita, siku nne za wiki darasani na siku mbili akimfanyia kazi mwenye nyumba alikokaa. Elimu hiyo ndogo haikumzuia kuingia katika Bunge la Marekani, ambako alipinga sheria ya mwaka 1830 ya kuwahamisha Wahindi Wekundu, ingawa ilipendekezwa na rais aliyetoka jimbo lake. (Kwangu mimi, hilo linazidi hadithi zote za uwindaji wake wa dubu.)

Tarehe 9 Januari 1836, akiwa San Augustine, Texas, baada ya kushindwa uchaguzi, alimwandikia binti yake Margaret na mumewe. Tahajia yake ingemkosesha alama nyingi, lakini unapoisoma barua hiyo unaiona nchi: ardhi nzuri, miti, maji safi, nyati, nyuki na asali. Anaeleza kwamba amejiandikisha kuwa askari wa kujitolea, kwamba anatumaini kuipatia familia yake utajiri, na kwamba wasimhofie kwa sababu yuko miongoni mwa marafiki. Siku 57 baadaye, tarehe 6 Machi, ngome ya Alamo, iliyolindwa na wapiganaji wa Texas, ilitekwa na jeshi la Mexico, naye akafa huko.

Nilipofika kwenye maneno hayo ya kuwatoa hofu, niliweka kalamu chini kwa muda. Mpwa wangu naye huniandikia, “Usiwe na wasiwasi, mjomba, nipo na wenzangu,” na mstari unaofuata huwa ni wa sabuni, karanga na sukari ya uji. Nimevifunga vyote pamoja na barua, na asubuhi navipeleka bandarini.