Siku moja maishani mwangu: fundi wa maabara ya kemia

Saa 1 asubuhi. Nafungua madirisha, nakagua mitungi ya gesi, naosha vyombo vya jana. Wengi hudhani kazi yangu inaishia hapo. Baada ya maji nasuuza kwa asetoni. Molekuli zake hazishikani sana kama za maji, huchemka kwenye nyuzi 56 tu, na chupa hukauka ningali nimeishika.

Saa 2 hadi saa 4: kupima kemikali, kujaza bureti (mirija ya kupimia vimiminika), kupanga meza.

Saa 4 na nusu akaja mwanafunzi na chupa. Kibandiko kimeandikwa C₄H₁₀O, basi. "Fundi, nisafishie hii, naihitaji saa 6." Jina la kemikali hana. Fomula hiyo ni ya etha, na ni ya butanoli pia: atomu zilezile, idadi ileile. Etha huchemka kwenye nyuzi 35, butanoli mpaka 118. Kwenye butanoli, haidrojeni iliyoungana na oksijeni huvutwa na oksijeni ya molekuli jirani. Etha haina haidrojeni ya namna hiyo, kwa hiyo molekuli zake huachiana upesi.

Kwa kuwa sikujua, niliichukulia kuwa etha, maana ndiyo ya hatari zaidi. Moto marufuku. Nikapima kwanza peroksidi, ambazo hujitengeneza kwenye etha iliyokaa na huweza kulipuka. Hazikuwemo. Nikaitumbukiza chupa kwenye beseni la maji ya moto, ili kimiminika kichemke, mvuke upoe na kudondoka ukiwa safi upande wa pili. Nyuzi 35 zikapita, hakuna tone. 60, hakuna. 90, kimya. Na yeye kila baada ya dakika chache anachungulia: "Bondi bado hazijavunjika?"

Niliacha kila kitu nikamweleza. Kuchemsha hakuvunji bondi kovalenti, yaani viungo vya atomu kwa atomu ndani ya molekuli. Zikivunjika, tutakuwa na kitu kingine kabisa. Kinachoachia ni mshiko wa molekuli na mwenzake. Akatikisa kichwa kukubali, kisha akauliza itakuwa tayari saa ngapi.

Maji hayavuki 100, basi ikabidi kupoza, kufungua, kuweka mafuta mahali pa maji, kufunga upya. Saa 6 ikapita. Chakula cha mchana kikapita. Sikumbuki ilikuwa saa ngapi tone la kwanza liliponing'inia kwenye ncha ya kondensa, bomba la kupozea mvuke, kipimajoto kikapanda hadi 118 na kutulia palepale. Butanoli! Miguu ilikuwa inawaka, lakini nilibaki nimesimama nikiutazama ule mstari usiotikisika.

Nikabandua kibandiko, nikaandika kipya: jina, nyuzi, tarehe.

Vyombo viliningoja hadi jioni. Mabaki ya butanoli yalikuwa yangali yanang'aa ukutani mwa chupa, hayajakauka.