Ikilala majini, nani ataiinua?

Mimi nakula kwa faiba. Hapa Kirumba, Mwanza, kazi yangu ni kuziba boti: mkeka, rezini, msasa, rangi, na msimu ukiisha mwenye boti anarudi na tobo jingine hatua moja kutoka lile la kwanza. Ndiyo maana shemeji yangu alishangaa. Kikundi chao cha wazazi kimechangishana, kinataka katamarani, boti ya tanga yenye mitumbwi miwili, ya kufundishia vijana kule Luchelele, akaja kuniuliza wanunue ipi. Nikamwambia ya plastiki.

"Shemeji, unajinyima kazi mwenyewe."

Najinyima, sawa. Lakini miongoni mwa hao wanaotaka kufundishwa kuna wapwa zangu.

Duniani kote mtoto huanzishiwa Optimist, kile kisanduku cha mita 2.3 kilichobuniwa Marekani mwaka 1947, mtoto mmoja na tanga lake. Ni boti nzuri, sina ugomvi nayo. Ila mzazi wa Mwanza ana kumbukumbu zake. MV Bukoba ilizama Mei 1996 ikiwa imekaribia kabisa kufika hapa. MV Nyerere ilipinduka Septemba 2018 karibu na Ukara. Mwambie mama aliyezika ndugu zake katika moja ya hizo kwamba mwanawe ataingia ziwani peke yake, uone kama mtamaliza chai. Katamarani inambeba huyo mtoto pamoja na wenzake wawili na mtu mzima, wote wamekaa wanaonana usoni. Na kijana wa umri ule, tusidanganyane, anafuata wenzake kwanza, upepo baadaye.

Msomaji wa pwani ataelewa haraka chombo chenyewe, maana amekua akiona ngalawa na mirengu yake. Katamarani ni mitumbwi miwili myembamba iliyo sawa, imeunganishwa kwa mabomba ya alumini, katikati limetandazwa turubai gumu la kukalia. Huku kwetu hatuna ngalawa. Mzee mmoja wa dagaa alipoiona kwa mara ya kwanza pale ufukweni aliizunguka, akainama kuchungulia chini, akauliza, "Sasa hii mbona haina tumbo? Mzigo mnaweka wapi?"

Upana wake ndio neema na ndio mtego. Mtumbwi wa kawaida unayumba tangu unapokanyaga, unakuonya mapema. Katamarani inatulia tu, inatulia, halafu upepo ukizidi upande mmoja unanyanyuka na boti nzima inalala ubavu. Ikishalala, ule upana uliokuwa unaizuia isianguke sasa unaizuia isiinuke. Kwa hiyo kabla sijauliza bei mimi huuliza: ikilala majini, watoto hawa wataiinua wenyewe?

Ukilishika swali hilo, boti ambayo kila mtu ataitaja inatoka mapema. Hobie 16 imekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, zimetengenezwa zaidi ya laki moja, na kwa macho ya fundi ni kazi safi sana. Mitumbwi yake upande wa nje imenyooka, wa ndani imebenuka, na umbo hilo peke yake linaizuia boti isisukumwe pembeni, bila ubao wa kushusha majini. Lakini ina kilo 145, na kwenye mashindano yake sheria inataka wawili walio ndani wafikishe kilo 129 hivi kwa pamoja. Watoto wawili wa kidato cha kwanza hawafiki mia. Isitoshe inapenda kuchomeka pua ikikimbia na upepo wa nyuma: ncha za mbele zinazama, tezi, yaani nyuma yake, inaruka juu, na aliyekuwa ananing'inia nje kwenye waya ili boti isilale anazungushwa hadi mbele ya mlingoti. Kijana wa miaka kumi na saba ataomba kurudia. Wa miaka kumi na moja hutamwona tena Jumamosi ijayo.

Nilichomtajia shemeji ni Hobie Wave. Plastiki nene ya kumiminwa, urefu karibu mita nne, kilo 111, hubeba watu wanne, tanga moja tu. Haina ule mti wa chini ya tanga, na kwa wanafunzi hilo ni jambo kubwa, kwa sababu wakati wa kugeuza hakuna kinachopita kwa kasi kwenye usawa wa vichwa. Ubaya wake ni kubisha, yaani kuipitisha pua kwenye upepo. Katamarani zote ni nzito kugeuka kuelekea upepo, na isiyo na tanga dogo la mbele la kuisukuma pua ndiyo inayokwama zaidi, imesimama uso kwa uso na upepo, watoto wanapiga kelele. Dawa ipo: iache irudi kinyumenyume, geuza usukani kinyume, itaanguka upande mmoja yenyewe. Hilo nalo ni somo. Wakiwa na hela zaidi kuna Getaway, ni plastiki vilevile, ya zaidi kidogo ya mita tano na ina tanga la mbele, ila ina kilo 177 na kuivuta mchangani kunahitaji mikono mingi.

Wave tuliyoijaribu ilikuwa ya mtu mwenye nyumba ya wageni, ilikaa chini ya mwembe bila kazi. Tuliipeleka Luchelele, kwenye kina cha kutosha, tukaiangusha makusudi. Mpwa wangu wa kike na binamu yake walikuwa juu yake, mimi kwenye mtumbwi wa mashine pembeni.

"Mjomba, isipoinuka?"

"Mtakaa juu yake mpaka nifike. Kuogelea kuiacha ni marufuku."

Boti ikalala, tanga limelala majini, mlingoti umeelea kwa lile boya la plastiki lililofungwa kwenye ncha yake. Binti akaogelea kwanza hadi mbele, akaivuta pua polepole mpaka ikaelekea upepo. Nilikuwa nimewaambia kwamba upepo ukiingia chini ya tanga utawasaidia, ukilikandamiza kwa juu watachoka bure. Kisha wakapanda wote wawili kwenye mtumbwi wa chini, wakarusha kamba juu ya ule wa juu, wakaegemea nyuma hadi migongo ikagusa maji. Kwa muda hakuna kilichotokea. Halafu ncha ya mlingoti ikaanza kutoka majini, maji yakaporomoka kwenye tanga, na boti ikaanguka sawasawa kwa kishindo. Walikuwa wameshadaka bomba la mbele kama nilivyowafundisha, kwa sababu katamarani iliyoinuka huwa haisubiri mtu, inashika upepo na kuondoka.

Lile boya la juu usikubali kuuziwa boti bila hilo. Lisipokuwepo boti inaendelea kuzunguka hadi inapinduka kabisa, na ukingoni mwa ghuba yetu kina ni kifupi, mlingoti utachoma tope. Kuutoa hapo ni kazi ya watu wazima na mashine.

Sababu nyingine ya kuchagua plastiki ni mwambao wetu wenyewe. Mawe ya Mwanza ni mazuri kwenye picha. Faiba ikigusa jiwe inapasuka, inakunywa maji, inaletwa kwangu. Plastiki inachubuka tu. Ikitoboka kweli, rezini yangu haishiki juu yake hata uombe dua, lakini wale vijana wanaochomelea matenki ya maji ya plastiki wanaijua kazi hiyo. Turubai la katikati likiachia nyuzi, fundi wa maturubai ya malori atalishona kwa uzi mnene wa poliesta, na litaachia tu, maana jua la hapa karibu na ikweta, kwenye mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, halina huruma. Boti ikitoka majini ifunikwe.

Halafu kuna nyavu. Boti yenye ubao wa kushusha chini itanasa kwenye makila ya sangara au itakusanya magugu maji, na mtoto hatajua kwa nini imesimama. Wave haina ubao huo, ina kisigino kidogo tu kilichomiminwa chini ya kila mtumbwi, na usukani wake unajiinua ukigonga kitu. Kwa sababu hiyohiyo Nacra 15, ambayo vijana wanashindania ubingwa wa dunia tangu 2016, mimi naiheshimu nikiwa mbali. Ina mbao zilizopinda, tanga la tatu, na vipuri ambavyo ukivipoteza unasubiri hadi usahau.

Kama mkipewa ya faiba kwa bei ya kutupa, msiitukane, ila kabla ya kulipa pitisha dole gumba juu ya sitaha yote, hasa mbele ya mlingoti na pale miguu ya fremu inapoingia. Inatakiwa iwe ngumu kote. Ikibonyea, maganda yameachana na povu la ndani, na hiyo si kazi ya wiki moja. Kagua nyaya zinazoshika mlingoti. Uzi mmoja uliokatika na kusimama kama mwiba unatosha kusema waya huo ubadilishwe.

Saa za kutoka zisiamuliwe na ratiba ya shule peke yake. Alfajiri upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, yaani boti iliyoharibika inapelekwa mbali. Mchana, kuanzia kama saa saba au saa nane, unageuka, unatoka ziwani kaskazini kuja kwetu. Wanafunzi watoke wakati huo, mahali pasipo na matete kwa ajili ya kichocho, na wingu jeusi likionekana wanarudi bila mjadala. Mlingoti ni alumini, kwa hiyo kabla ya kusukuma boti ufukweni mtu mmoja kazi yake iwe kutazama juu tu: nyaya za umeme kwenye baadhi ya mialo zinapita chini kuliko unavyodhani.

Shemeji aliuliza mwishoni kama wachanganye, Wave moja ya watoto na Hobie 16 moja ya wakubwa. Nimemwambia hela ikitosha mbili, ziwe Wave mbili. Usukani wa hii utaingia kwenye ile, tanga la hii litapanda mlingoti wa ile, na watoto wa boti mbili zinazofanana wataanza kushindana wenyewe hata kama hakuna aliyewaambia. Hobie 16 itafuata siku wakubwa watakapopanda mzani wawili wawili na kufikisha uzito.